Zamu ya Alhamisi ya Bi Gunhild

Kwa miaka thelathini na moja, Alhamisi saa nne asubuhi ilikuwa mali ya Bi Gunhild Åkerblom. Katika jengo letu hapa Norrköping unaweza kumsahau Mungu na usisemwe, lakini zamu ya mwenzako ya kufua huigusi. Mlangoni pa chumba cha kufulia cha jengo zima palikuwa na ubao wa saa, kila nyumba na kikufuli chake. Ukikifunga kwenye saa fulani, saa hiyo ni yako. Ubao haukuwahi kuishiwa chaji.

Halafu chama cha wakazi kikamchagua Kasper wa ghorofa ya tatu, kijana anayewasha hata taa ya choo kwa simu. Ubao ukang'olewa, ikabandikwa skrini. Siku hizi unaomba zamu kwa simu, na ukifika unathibitisha, kwa simu tena, ndani ya dakika kumi. Sasa chumba cha kufulia kiko chini ya ardhi, na mtandao haushuki ngazi.

Alhamisi hiyo Bi Gunhild alikuwa na shuka sita. Mumewe Ragnvald, aliyelazwa hospitali wiki tatu kwa ajili ya nyonga, alikuwa anarudishwa nyumbani saa nane, na lazima alalie shuka safi. Bibi akashuka na kapu. Simu kimya. Akapanda hadi uani. Simu ikadai namba ya siri, ikaikataa, ikadai nyingine. Aliposhuka tena, skrini ilikuwa imeandika: ZAMU YAKO IMEFUTWA. ASANTE KWA USHIRIKIANO.

Na Kasper yumo ndani, anatumbukiza jozi moja ya raba kwenye mashine.

Zamani angebandika ukutani kikaratasi cha matusi ya adabu, kama sisi sote. Lakini vikaratasi navyo vimepigwa marufuku. Ikabidi afanye jambo ambalo watu wa jengo letu hulifanya nyumba ikiungua tu: akamsemesha jirani uso kwa uso.

"We Kasper. Toa viatu."

"Bi Gunhild, si mimi. Mfumo ndio umenipa."

"Mfumo una nyonga?"

"Hapana, lakini..."

"Una mume?"

"Tuma malalamiko, watakujibu baada ya siku tatu."

"Siku tatu mzee wangu alalie nini, raba zako?"

Kasper akaitazama skrini kuomba msaada. Skrini ikampa tangazo la sabuni. Akatoa viatu.

Shuka zikafuliwa, zikakaushwa. Ikabaki kuzinyoosha na kuzikunja, kazi ya watu wawili, huyu huku na yule kule. Upande wa pili huwa wa Ragnvald; leo ukawa wa Kasper.

"Shika. Vuta! Hujashika uzi wa buibui."

"Navuta, mama."

"Miaka mitano chuo kikuu, shuka inakushinda."

Saa nane kasoro robo, zilikuwa zimebaki shuka mbili. Saa ya mkononi ya Kasper ikatetema, ikimsihi ausogeze mwili kidogo kwa afya yake. Akataka kuitazama.

"Thubutu uachie," alisema Bi Gunhild, akavuta mpaka kijana akasogea hatua mbili.