Miti Kumi na Moja ya Chemchemi Yetu

Enzi zetu kule Olenguruone, mvua haikuwa habari. Ilikuja saa nane mchana, na ikichelewa tulidhani ni saa ya mwalimu imeharibika. Tulirudi nyumbani tumejifunika magunia ya viazi, matope hadi magotini, tukikimbilia viazi vilivyochomwa kwenye majivu. Vijana wa leo wakiona wingu moja wanalipiga picha.

Maji tulichota kwenye chemchemi chini ya shamba letu, katikati ya podo na mierezi. Miti kumi na moja. Niliihesabu mara mbili, maana hesabu ya kwanza siiamini hata leo. Hapo palikuwa na baridi ya alfajiri hata saa sita mchana, na maji yaliuma meno. Nyanya yetu, tuliyemwita Kogo, akifika hapo alishusha sauti kama yuko kanisani.

"Wacheni kelele. Hii miti ndiyo inanyonyesha mto."

Tulicheka hadi tukamwaga maji.

Kisha akaja mtu wa kupasua mbao. Nyumba yetu ya nyasi ilivuja kuliko kikapu, na baba alitamani mabati.

"Mzee, miti yote kumi kwa mabati ishirini," akasema.

Mimi, wa darasa la tano, nikadakia: "Umehesabu kumi. Ni kumi na moja, tena mikubwa. Weka ishirini na manne."

Akanitazama, akacheka, akaongeza. Baba alinisifu wiki nzima. Kogo peke yake hakula siku hiyo.

"Hamkuuza mbao. Mmeuza maji."

"Mama, maji yanatoka ardhini, hayatoki mtini," baba akamjibu.

Penye mapengo tukapanda blugamu, yaani mikaratusi. Inakua haraka, na mti si ni mti? Kumbe blugamu inakunywa kama mgeni wa harusi. Mwaka wa tatu chemchemi ikawa tope, wa nne ikawa njia ya mbuzi.

Nilikuja kuelewa nikiwa na mvi. Msitu wa asili hushika mvua na ukungu, ukayaachilia maji polepole. Mengine hupanda tena kuwa mawingu yanayonyeshea mahindi ya watu wa Rongai, ambao hata hawatujui. Na misitu ya namna hiyo, wetu na ile mikubwa ya Kongo, ndiyo inayopoza dunia nzima. Mabati ishirini na manne hayapozi hata kitanda.

Mwaka huu nimeng'oa blugamu. Nilishuka Nakuru kununua miche ya podo.

"Mathe, hii itachukua muda gani kurudisha chemchemi?" nikamuuliza mama muuza miche.

"Kama itarudi, boss, wajukuu wako ndio watakuambia."

"Punguza kidogo."

"Bei nitapunguza. Miaka, hapana."

Nimeipanda hivyo hivyo, bila punguzo. Sisi tulivuka mto ule uliotoka kwenye chemchemi tumeshikana mikono, tukiogopa kubebwa na maji. Watoto wetu wanauruka asubuhi wakienda shule, wala hawajui kwamba wameruka mto.