Kimeng'enya Nilichokikata kwa Kalamu Nyekundu

Kicheko ndicho kilichonianza. Nilikuwa nawaandikia kidato cha pili makundi ya wadudu ubaoni, na upande wa pili wa ukuta kidato cha sita walikuwa wanacheka. Kidato cha sita changu. Miaka kumi na sita niliwafundisha mimi, mpaka mkuu wa shule alipompokea mwalimu mpya, binti kutoka Igowole, aliyemaliza chuo juzijuzi tu, akatugawia vipindi upya: seli na protini kwake, wadudu kwangu.

"Upumzike kidogo, Madam," mkuu aliniambia.

Sikuwa nimechoka.

Nikawapa watoto zoezi, nikatoka kama ninayekwenda maabara, nikasimama dirishani kwao. Yule binti alikuwa ameshika utepe mrefu wa kitenge. Kwenye utepe alikuwa ameshonea vikamba sita.

"Huu ndio mnyororo wa insulini," alikuwa anasema. "Hivi vikamba ni sisteini, asidi amino zenye salfa. Salfa mbili zikikutana zinafunga kifundo. Insulini inataka vifundo vitatu. Haya, funga."

Kijana aliyeitwa mbele alifunga huku amefumba macho. Utepe ukajipinda kama mkia wa mbuzi. Darasa likaangua kicheko.

"Hiyo haishushi sukari ya mtu," akasema. "Kuna njia kumi na tano za kuvifunga viwili viwili, na sahihi ni moja. Sasa wewe dada, njoo. Wewe ni kimeng'enya. Fungua kifundo kibaya, funga pengine, mpaka utepe ukae sawa."

Msichana akafungua, akafunga, akafungua tena. Wenzake walisimama kwenye viti ili waone. Mimi kwa miaka yote ile sijawahi kumsimamisha mtu kwa ajili ya protini. Nilirudi kwa wadudu wangu.

Wiki hiyohiyo msichana yule alinifuata nje ya ofisi ya walimu.

"Shikamoo, Madam. Kaka yangu aliniachia notisi zako. Umeandika protini inajikunja na kufunga vifundo yenyewe, haisaidiwi na kitu. Madam mgeni anasema kuna kimeng'enya. Tuandike lipi?"

Nakumbuka nilivyofurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Marahaba. Andika la kwenye notisi," nikamwambia. "Mwenzangu bado mgeni."

Jioni, nyumbani Iyunga, nilisoma. Nilitaka nipate kosa lake nilipeleke kwa mwalimu wa taaluma. Nilichokipata ni kwamba alikuwa sahihi. Ndani ya seli kipo kimeng'enya kinachosaidia vifundo vya salfa kufungwa, na vikifungwa vibaya kinavifungua na kuvipanga upya. Umbo lenyewe limekwisha kuamuliwa na mpangilio wa mnyororo, na kwenye chupa ya maabara protini nyingine hurudia umbo lake bila msaada. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Ila bila kimeng'enya kazi huchelewa sana, na protini nyingi huishia kujifunga vibaya na kugandamana. Kwa hiyo nilikuwa sahihi nusu. Nikaishika nusu yangu, nikafunika kitabu.

Mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa, ulipokuja, swali la protini nilipewa mimi kusahihisha. Aliyetaja kimeng'enya, nilimkata. Karatasi baada ya karatasi, mkwaju mwekundu. Kila nilipokata niliona utepe ule wa kitenge na watoto waliosimama kwenye viti. Niliposhusha kalamu, kidato cha sita chake kilikuwa kimeanguka swali zima, na mimi nilikunywa chai yangu kwa utulivu.

Kesho yake yule mwalimu mpya alikuja mezani kwangu na rundo la karatasi. Hakupaza sauti.

"Dada, naomba unieleweshe. Hawa umewakata kwa kosa gani?"

"Wameandika ambacho hakimo kwenye mwongozo wa kusahihisha."

"Mwongozo umeuandika wewe."

Walimu wawili waligeuka kututazama. Nikatazama karatasi ya juu. Ilikuwa ya yule msichana wa notisi. Alikuwa ameandika nilivyomwagiza, kisha akakata kwa mstari mmoja, na chini yake akaandika habari ya kimeng'enya, kwa ufasaha kuliko nilivyoisoma mimi. Alikuwa amechagua. Na nilikuwa nimemnyima alama.

"Niachie," nikasema. "Nitasahihisha upya."

Nilisahihisha zote, nikaenda darasani mwenyewe. Niliwaambia notisi zangu zina upungufu, na kwamba mwalimu wao yuko sahihi. Waliniitikia kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko kama wangenizomea. Yeye alikuwa amesimama mlangoni. Tulipotoka nikamwambia lililobaki.

"Mdogo wangu, nilikuwa najua. Nilisoma kabla ya moko. Niliwakata nikijua."

Aliufunga mlango wa darasa nyuma yetu.

"Mimi ningekusamehe leo hii," akasema. "Lakini wale watoto walilia bwenini. Kuanzia sasa tusahihishe wawili, meza moja."

Tukafanya hivyo mwaka mzima. Alinisahihisha mara mbili, nikamsahihisha mara moja, na ile mara moja niliikumbuka kwa wiki nzima. Ningependa kusema wivu uliisha. Ulipungua kelele, basi. Barua ya kumwita chuo cha ualimu Iringa akafundishe walimu wenzake ilipofika, nilikuwa wa kwanza kumshika mkono mbele ya wote, nikamwambia hongera, na niliimaanisha. Halafu nikaenda nyuma ya maabara, nikasimama kwenye baridi mpaka uso wangu ulipotulia.