Kunguru wa Transfoma Yangu

Umri umeshanitoa haya, kwa hiyo nitasema: nilimwonea wivu yule fundi wa Iringa mpaka chakula kikanishinda.

Alihamishiwa kwetu Mbeya miaka ya sabini. Alikuwa mwembamba, mpole, wa kumsalimia kila mtu "Kamwene" hata asiyemjua. Akapewa transfoma ya hospitali, mimi nikabaki na ya sokoni. Msimamizi wetu alikaribia kustaafu, na ilijulikana kwamba kiti chake atapewa fundi ambaye umeme wake haukatikikatiki. Kiti kile nilikuwa nakihesabu changu.

Adui yetu alikuwa kunguru. Kila Jumatatu tulizima umeme, tukapanda, tukashusha viota na kufunga matawi ya miiba kwa waya ili wasirudi. Kwake hawakurudi. Kwangu, ikifika Alhamisi wameshahamia, wananipigia kelele kana kwamba mimi ndiye mpangaji.

"Si umwulize mwenzako?" mke wangu akasema. "Kuuliza si ujinga."

Nimwulize mgeni wa juzi! Nikaona heri nieneze kazini kuwa ana dawa ya kwao. Wengine wakaamini.

Siku moja nikaenda kumchungulia akifanya kazi. Alifunga miiba vilevile kama mimi. Ila aliposhuka aliinama, akaokota vipande vya waya alivyokata, kimoja kimoja, akatia mfukoni. Nikarudi nikiwachekesha wenzangu: jamani, fundi mzima anaokota takataka! Vyangu niliviacha vimetapakaa chini ya nguzo, kama siku zote.

Haikupita muda, asubuhi ya soko, transfoma yangu ikalia paa! Moshi ukapanda. Mashine za kusaga zikanyamaza, na akina mama wakabaki na madebe yao ya mahindi wakinitazama mimi. Msimamizi akaja, akaagiza umeme uzimwe, akampandisha yule wa Iringa. Mimi nikaambiwa nishike ngazi.

Alishuka na kiota kizima. Vijiti vilikuwa vichache. Kilichobaki chote kilikuwa waya. Koleo langu lilikuwa na pengo, na kila waya niliokata ulibaki na kijino pembeni. Vipande vile vyote vilikuwa na kijino. Kunguru walikuwa wakijenga kwa vifaa vyangu mwenyewe.

"Waya wa nani huu?" msimamizi akauliza.

Nikajifanya naiweka ngazi sawa. Yule wa Iringa alikuwa ameazima koleo langu wiki ile ile; kijino kile alikijua.

"Kunguru huokota popote, mzee," akajibu, akavikusanya vipande, akavitia mfukoni.

Kiti alipewa yeye. Hilo nilishalimeza zamani. Ila kule kunisitiri kwake, mbele ya soko zima, sijamsamehe mpaka leo.