Mke Mwenza Asiye na Kiuno

"Basi lioe! Lioe, ulilipie mahari, na hiki kiti ulipe likalie!"

Aliyesema hivyo ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye pale ofisini mafundi wote humwita Mama Ankara. Alikuwa ameshika mkono mmoja wa kiti. Mkono wa pili kaushika mumewe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi karibu na mlango, nimekuja kuwasalimu tu, na nani aondoke penye burudani isiyo na kiingilio?

"Mama Watoto, punguza sauti," mwanangu akasema. "Daraja ni programu. Halina damu."

"Halina damu lakini unalichekea! Jana nimekuona. Umeinamia skrini, meno yote nje. Mimi mara ya mwisho umenichekea hivyo lini?"

"Siku ulipoteleza kwenye matope," nikamkumbusha. Nilitaka kusaidia.

Wote wawili wakanitazama, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Shule mimi niliiona kwa nje, nikipita. Lakini habari hii naijua kuliko walioisomea. Mwanangu ana ofisi ya vyumba viwili, wanatengeneza programu za maduka na zahanati. Humo kwenye kompyuta wana ghala. Kila fundi huweka kazi yake ghalani, na akimaliza kipande hukiandikia "imekwisha" na kukifunga. Mkwe wangu ndiye aliyekuwa akilichungulia ghala hilo, kisha anafungua mfumo wa ankara, anaandika mteja fulani kafanyiwa hiki na hiki, anatuma. Miaka kumi na mmoja, kiti kilekile, kati ya dirisha na mashine ya kuchapa, juu ya mto wa bluu alioushona kwa mkono wake. Alikuwa na vidole vyepesi mpaka kibodi ikashikwa na homa, ikabidi tuipepee kwa gazeti siku mbili. Anayebisha akamuulize aliyeshika gazeti.

Basi mwezi uliopita mwanangu akajenga daraja. Si la mawe. Ni programu inayokaa kati ya ghala na ankara. Fundi akiandika tu "imekwisha", Daraja linaona, linaandika ankara, linamtumia mteja, na hakuna mtu aliyenyanyua hata kijiko. Siku ya kwanza lilituma ankara nne kabla mkwe wangu hajamaliza kukoroga chai. Mafundi wakapiga makofi. Naye akapiga, kwa vidole viwili.

"Sasa utapumzika, mke wangu," mwanangu akamwambia.

Nimezaa watoto saba, na huyo ndiye mwenye akili kuliko wote. Sasa fikiria hao wengine. Mwanamke haambiwi apumzike mahali anapopapenda.

Hapo wivu ukamwingia. Nimeona wanawake wakimwonea wivu jirani, nimeona wakimwonea wivu dada wa damu, lakini kuonea wivu kitu kisicho na kiuno wala kisigino, hilo nililiona kwake. Akaanza kuja kazini amevaa nguo za harusini. Akajipulizia manukato mpaka mbu wa mtaa ule wakahama na watoto wao. Mumewe akikaa kwenye kompyuta, yeye anapita katikati akiwa na kitambaa, anafuta vumbi ambalo halipo. Nyumbani akipakua chakula anauliza, "Na Daraja je, lishakula? Au nilifunikie?"

Mwanangu anakula kimya. Mwanamume akiwa na kosa na njaa kwa pamoja, huanza na njaa.

Siku nne kabla ya ugomvi huu wa kiti, tulikuwa tunaanika nguo, mimi na yeye. Akanisogelea na vibanio mkononi.

"Mama, nina jambo. Lakini ukilisema nitakufa."

"Mwanangu, mdomo wangu kaburi."

"Kaburi lenye mlango," akasema, lakini akanieleza.

Mafundi wa ofisi ile wana ugonjwa wao. Kazi huiandikia "imekwisha" kabla haijaisha, kwa matumaini tu. Kisha wanaona kasoro, wanaifungua, wanatengeneza, wanaandika tena. Kuna mmoja wanamwita Kitambi, huyo anaweza kuimaliza kazi moja mara tatu kabla ya mchana. Mkwe wangu kwa miaka yote hiyo hakuwa akiliamini neno lao. Alikuwa akisikiliza bomba. Pale ofisini kuna sinki nyuma ya mlango, na hakuna fundi anayenawa mikono kwenda kula kama kazi yake haijasimama sawasawa. Wanaona ni mkosi. Kwa hiyo bomba likilia, ndipo yeye anaandika ankara. Hakuwahi kumwambia mtu, maana hakuna aliyewahi kumuuliza.

Daraja halina masikio. Kwa kila "imekwisha" likatuma ankara. Kazi moja, ankara tatu. Wateja wakaona wanaonewa, wakapiga simu. Na wampigie nani? Namba waliyoizoea ni ya Mama Ankara. Naye mwezi mzima akawa anaomba radhi, anazifuta zilizozidi kimyakimya, kisha anarudi kununa.

"Unazifuta kwa nini?" nikamuuliza.

"Ni wateja wangu, Mama. Niwaache wasumbuke?"

"Kwa hiyo unampaka wanja mke mwenza kwa mkono wako, halafu unalia kwamba anapendeza?"

Shati likamponyoka, likaanguka mchangani. Alisimama pale na kibanio mdomoni kwa muda mrefu, mpaka ndege akataka kumtua kichwani.

"Kuanzia kesho," akasema, "sifuti hata moja."

Nakiri, chumvi niliitia mimi. Lakini chungu kilikuwa chake.

Sasa turudi kwenye kiti. Jumatatu anakuja fundi mpya, na mwanangu aliona kiti cha mkewe ndicho kilicho wazi. Wazi! Na mto wa bluu umeshachukua umbo lake.

"Jumatatu fundi akae wapi, sakafuni?" mwanangu akasema, akavuta.

"Akae kwenye Daraja! Si lina nguvu?" Mkwe akavuta.

"Daraja halinuni. Haliugui. Halichelewi."

"Wala halijakuzalia watatu!"

"Mama Watoto, hii ni kazi, si nyumbani. Wewe mwenyewe ni shahidi. Mwezi mzima, umesikia mteja hata mmoja analalamika?"

Mkwe wangu akageuza shingo. Akanitazama mimi. Nami nikatazama dari, nikaona kuna utando wa buibui unaohitaji kuondolewa. Nilijua kilichomkaba. Akisema, itabidi aseme na hizi siku nne alizowaacha wateja waungue makusudi. Asiposema, kiti kinakwenda.

"Sema basi," mwanangu akamwambia. Sasa sauti ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomuuma zaidi, nilimwona. "Kama nimekosea, nionyeshe mteja mmoja. Mmoja tu! Nami hiki kiti sikigusi mpaka kivunjike chenyewe."

"Unaapa?"

"Mbele ya mama yangu."

"Mama, umesikia?"

"Masikio ndiyo yaliyobaki mazima," nikasema.

Mkwe wangu akakikamata kiti kwa mikono miwili. "Baba Watoto," akaanza, "kuna jambo nimekuficha. Tangu mwezi uliopita, na hizi siku nne ndiyo zaidi—"

"Hodi!"

Mlango ulisukumwa kabla hatujasema karibu. Aliingia mwenye duka la dawa wa ng'ambo ya barabara, mteja wao wa zamani kuliko wote, jasho linamtiririka, miwani imeteremka puani. Mkononi ana karatasi tatu, ameziinua kama mtu anayesimamisha gari. Alimpita mwanangu kama mwamvuli unavyopitwa mlangoni, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kile kiti.

"Mama Ankara," akasema, "ulikuwa wapi?"

Mwanangu akaziangalia zile karatasi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote ankara za kazi ileile. Mkono wake ukaachia kiti.