Ya Kashimo Katikati

Siku ya kwanza Polycarpe Badibanga alipofika kwenye biashara ya mama Falonne Mbayo, walizungumza karibu robo saa bila kuelewana, na kila mmoja akimdhania mwenzake ni mjanja.

Falonne alikuwa ananunua vitu vya nyumba za Kasulo, mtaa wa Kolwezi. Watu wa kule walichimba mpaka chini ya vitanda vyao kutafuta kobalti, na mtu akitaka kuchimba sebuleni lazima kwanza aondoe kabati. Kabati hizo zilifika kwa Falonne, pamoja na milango, mabati, mabeseni na cherehani zisizoshona. Alivipanga kando ya barabara huko Dilala, mbele ya ukuta wa mtu mwingine, na kila juma mwenye ukuta alikuja kumfukuza. Mvua zilikuwa karibu. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kuviweka.

Mzee Polycarpe alisimama mbele ya mabeseni, kofia mkononi.

"Mama, mi niko natafuta ya kashimo mu katikati."

"Iko, tata. Lakini mwenyewe anataka kuuzisha na nyumba yote."

"Nyumba ya nini?"

"Sasa kashimo utakabeba namna gani bila nyumba? Kako mu salon, metre kumi na mbili. Banasema chini kuko muzuri."

"Mama, unaniona mi ni muzee wa kushuka mu mashimo? Niko naomba filme! Filme ya zamani, ya kashimo mu katikati!"

Vijana wa taxi-moto waliokuwa wamekaa juu ya pikipiki zao walicheka mpaka mmoja akaangusha miwani. Mzee mwenyewe hakucheka. Alimweleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma saa. Filamu nyingine zina matundu pembeni. Ya kwake ina tundu moja tu, katikati, kati ya picha na picha, na upana wa filamu yenyewe ni milimita tisa na nusu. Haitengenezwi tena kwa ajili ya watu kama yeye. Alikuwa anaulizia kwa kila mtu anayebeba vitu kutoka Kasulo, hasa kwenye nyumba ya marehemu Kisimba.

Falonne alisema hajawahi kuona kitu cha namna hiyo. Nyumba ya Kisimba alikwisha kuimaliza juma lililopita, na kopo la biskuti lenye mikanda midogo lilikuwa nyumbani kwake, chini ya meza. Lakini mtu hasemi ndiyo kabla ya kujua mnunuzi ana njaa kiasi gani. Akamuuliza anakaa wapi, na kesho yake akaenda kumsalimia.

Ilikuwa nyumba ya matofali ya kampuni ya zamani, kwenye njia panda, na mbele yake barza pana yenye paa zima. Kabla hajaona mashine Falonne aliiona barza. Taxi-moto zilisimama pale pale. Kabati sita zingekaa humo bila kulowa.

Juu ya barza kulikuwa na meza, na kwenye meza mashine nyeusi ya mkono, ndogo kama kinu cha kahawa, yenye alama ya jogoo. Watu watatu waliizunguka. Majirani waliwaita batu ba kashimo, watu wa kitundu. Mmoja alikuwa mzee. Mwingine alikuwa Gracien, fundi wa pikipiki, ambaye balbu ya mashine ilipokufa aliweka taa ya kichwa ya wachimbaji. Wa tatu alikuwa Shekina, mwenye saluni ya kucha. Dawa yake ya kufutia rangi ya kucha ndiyo iliyokuwa gundi yao. Filamu iliyokatika waliilainisha ncha kwa dawa hiyo, wakailaza moja juu ya nyingine, tundu juu ya tundu, wakabonyeza mpaka zishikane. Kazi hiyo ilitaka mwanga wa asubuhi, na mwanga wa asubuhi ulikuwa pale barzani tu.

Walikuwa na filamu kumi na moja. Walizijua zote kwa moyo, pamoja na treni ya Wazungu iliyofika na kufika tena tangu miaka mingi.

"Na hiyo yenye unatafuta, iko na nini?" Falonne aliuliza.

"Iko na mama yangu," mzee akasema.

Baba yake alikuwa mpishi wa injinia mmoja Mzungu aliyependa kupiga picha za kutembea. Siku moja injinia alimpiga picha mke wa mpishi, mama Mbelu, akitoka jikoni na beseni. Mwaka uliofuata mama Mbelu alifariki. Polycarpe alikuwa na miaka tisa, na picha nyingine ya mama yake haikuwapo. Injinia alipoondoka alimwachia mpishi mashine na mikanda. Halafu, miaka ya tisini, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani, Polycarpe alikaa stesheni majuma mengi akingoja treni, na mtu hakuweza kubeba kila kitu. Alibeba mashine ndani ya blanketi. Mikanda aliiacha kwa jirani yake Kisimba. Aliporudi Kolwezi, Kisimba alikuwa amekwisha kuhamia Kasulo na kufa, na watoto wake hawakukumbuka kopo lolote.

"Nikaleta mashine, nikaacha mama," mzee akasema. "Njo vile."

Falonne alikunywa maji aliyopewa, akaaga. Njaa alikuwa ameiona.

Nyumbani alifungua kopo. Mikanda minne. Mmoja aliunyoosha kwenye dirisha akamwona mwanamke mdogo kama punje ya mahindi, na beseni. Lakini ukingoni mwa filamu, mahali pale, kulikuwa na vikato viwili, kama panya amejaribu meno yake. Falonne aliguna. Alijua wanunuzi. Mnunuzi akipata kasoro moja huanzia hapo kukuvua nguo. Akachukua makasi, akakata kipande chenye vikato, urefu wa vidole vinne, akaunga ncha kwa utepe wa skochi. Mkanda ukawa safi. Kipande akakitupa ndani ya kopo la misumari, kwa kuwa alikuwa hatupi kitu.

Alipomletea mzee kopo lile, Falonne alitaja bei yake papo hapo: barza yote, tangu sasa mpaka kiangazi kijacho kiishe.

"Sawa," mzee akasema.

"Hauombi nipunguze?"

"Upunguze nini, mama? Barza ni barza."

Jambo hilo lilimkera Falonne siku nzima. Aliona ameomba kidogo.

Gracien peke yake ndiye aliyenung'unika. "Nani aliweka skochi hapa? Mutu wa kufunga cadeau ya arusi?"

"Mi napata wapi kujua?" Falonne akasema. "Nilikuta vile."

Jumapili baada ya misa walitundika blanketi madirishani na shuka ukutani. Falonne alikaa karibu na mlango. Kabati zake zilikuwa tayari barzani. Mzee alizungusha mkono wa mashine. Jikoni pakaonekana, kuku, moshi, kisha mwanamke akitoka kinyumenyume, mgongo mbele, akivuta beseni juu ya kizingiti. Akaanza kugeuka. Picha ikaruka. Ikawa mbuzi.

Mzee alirudisha mkanda, akauzungusha tena. Mgongo, kilemba, mbuzi.

"Hapana," akasema. "Hapa alikuwa anasimama."

"Anasimama namna gani, tata Poly?" Shekina aliuliza.

"Injinia alikata ukingo na koleo, baba yangu njo alimuomba. Mashine ikifika pale inashika picha. Unazungusha tu, yeye anabakia. Anageuka, anasimama, anatuangalia. Mi nilikuwa nahesabu mpaka saba." Akazungusha mara ya tatu. "Bote banapita. Yeye alikuwa anasimama."

Falonne aliangalia viatu vyake.

Siku tatu hakulala vizuri, na sababu aliijua vizuri zaidi kuliko alivyopenda. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, mzee ana haki ya kumtoa barzani, na mvua imeanza. Alijaribu pia kufikiri anaweza kumwomba nini kwa kipande kile, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Hakupata. Kile ambacho mzee alikuwa nacho, amekwisha kumpa.

Siku ya nne alikiweka mezani.

"Mi njo nilikata. Nilizania ni kasoro."

"Mama Falonne!" Gracien akapiga makofi. "Ulikata mama wa mutu na makasi!"

"Nyamaza, we. Pikipiki yangu ulirudisha bila skuru tatu."

Mzee alikiinua kwenye mwanga. Akakigeuza upande wa pili. "Ulikata muzuri," akasema mwishoni. "Haukugusa uso. Bei gani?"

"Hapana bei."

"Basi bei naweka mi. Kona hii yenye jua, kila siku mpaka saa ine ya asubuhi, ni ya meza yangu. Na dimanche barza yote."

Kona ile ndiyo ilikuwa mlangoni kabisa, mahali mteja anapoingia, na Jumapili baada ya misa ndipo watu hununua. Falonne alianza kusogeza kabati. Mzee huyu alijua kupatana bei tangu zamani. Alikuwa tu hajapata kitu cha kupatania.

Waliunga kipande kwa dawa ya kucha. Jumapili mama Mbelu alivuta beseni, akageuka, akasimama. Alikuwa kijana kuliko wote waliokuwa chumbani. Mzee hakuhesabu, Shekina alihesabu, saba. Kisha mbuzi.

Hakuna aliyeomba kurudia kabla Gracien hajakagua. Alikaa na lensi yake jichoni. Tundu la katikati la picha ile lilikuwa limeanza kupasuka. Kila mara mashine inaposhika, linapasuka zaidi.

"Itashika mara ngapi?" mzee akauliza.

"Kumi. Ukiwa na bahati, kumi na mbili."

Mzee alikuwa na miaka sabini na sita. Akasema ataizungusha mara moja kwa mwaka, siku aliyofariki mama, na kumi inamtosha.

Basi mkanda unakaa ndani ya kopo, kopo linakaa kwenye rafu, kati ya bidhaa za Falonne, na wateja wakiuliza anawajibu haliuzwi. Lakini asubuhi kadhaa mzee hushindwa. Hulifungua, hunyoosha kile kipande kuelekea jua, na macho yake ya uzee hayaufikii uso.

"Mama Falonne," huita. "Anaangalia wapi?"

Falonne humwacha mteja na mlango wake mkononi, huja, huinama, hutazama.

"Huku," husema. "Anaangalia huku."

Wateja wawili wamekwisha kuondoka hivyo.