Siku Tuliyofundishwa Habari za Nge

Kwetu huku Mtunda, ukiumwa na nge huna haja ya kutafuta daktari. Madaktari wanakuja wenyewe. Piga ukelele mmoja tu, utawaona wanachomoza kila upande: huyu ana kitunguu, yule ana mafuta ya taa kwenye kizibo, mwingine ameshika wembe aliojinyolea jana. Atakuja na mwenye jiwe jeusi la kurithi kwa babu yake. Ukipona, kakuponya yeye. Ukifa, ulichelewa kumwita. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alipigwa shoti ya pikipiki kidoleni eti umeme unaua sumu. Maumivu ya nge yakaisha, akabaki na ya pikipiki.

Mwaka ule masika yalikuwa makali. Maji yalipotapakaa mashambani, nge nao wakahama kama sisi, wakatafuta pakavu: kwenye kuni, chini ya mikeka, ndani ya ndala. Watoto waliumwa sana, na mmoja wa kitongoji cha jirani tulimzika. Nadhani ndiyo maana wataalamu wa mjini wakatukumbuka. Tukaambiwa itakuja semina ya nge, na mgeni rasmi atakuwepo.

Loo! Kusikia mgeni rasmi, kijiji kizima kikapandwa na wazimu wa usafi. Pale penye uwanja wa ofisi ya kijiji palikuwa na lirundo la miaka na mikaka: makumbi ya nazi, tofali zilizovunjika, magogo yaliyooza. Mwenyekiti akaamuru lihamishwe, maana mgeni haonyeshwi jaa. Lihamie wapi? Nyuma ya nyumba yangu mimi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na kutoka barabarani hapaonekani. Nikasema, jamani, humo si ndimo wanamolala nge?

Mwenyekiti akaniangalia kwa huruma. "Mama, vumilia kidogo tu. Kesho wanakuja watu wa nge."

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wahenga hawakuwahi kuandaliwa semina.

Siku yenyewe sikwenda mapema. Nilibaki nyumbani na mjukuu wangu wa kike, mtoto bado mdogo, anasema maneno yake kwa kuyakata nusu. Mke mwenzangu huyo, tunagombea mume mmoja, babu yake, na mara nyingi ananishinda. Nilikuwa nakoroga uji, na yeye anachezea vifuu karibu na lile lirundo nililokwisha kumkataza. Nikasikia ukelele ambao si wa kuanguka wala wa kunyang'anywa kitu. Kufika, ameshika mguu, na nge mweusi anajiendea zake taratibu kama mwenye kiwanja.

Nilimponda kwa mwiko wa uji. Kisha nikamfunga mtoto kitambaa, nikasugua kitunguu, maana na mimi ni daktari kama wenzangu. Kikafanya nini? Hakikufanya kitu. Mate yakaanza kumtoka, jasho likamlowesha, na macho yakawa yanazunguka hayanioni. Hapo nikaogopa. Nikamkumbuka yule wa kitongoji cha jirani, namna alivyolegea mikononi mwa mama yake.

Zahanati haiko mbali. Nikakimbia naye, kufika mlango umefungwa kwa kufuli. Mama mmoja aliyekuwa anapita akaniambia nesi yuko semina, anagawa soda. Nikageuka, mbio mpaka uwanjani, kichwa wazi, khanga moja, unga wa uji mkononi. Nilipofika kwenye turubai nikapiga kelele: "Jamani, mtoto kaumwa na nge! Mtoto anakufa!"

Watu wakapiga makofi.

Nieleze. Ratiba ilisema kwamba baada ya hotuba kuna igizo la mtu aliyeumwa na nge. Kikundi cha sanaa cha kijiji kilikuwa kimejiandaa, na kinara wao ni mtani wangu. Ukoo wao, watu wa milima ya Umatumbi, na ukoo wetu wanataniana tangu enzi za mababu. Mtani kwetu hana breki. Msibani hulala ndani ya kaburi akagoma kutoka, na hakuna wa kumkasirikia. Basi aliponiona nalia, akaona nimemwibia kazi yake. Akajitupa chini miguuni kwangu, akajinyonganyonga: "Mimi kwanza! Mimi kaniuma nge jike na dume! Huyu bibi ana wivu tu!"

Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Mgeni rasmi akafuta machozi kwa leso.

Mtaalamu, kijana mwenye fulana nyeupe ya semina iliyochorwa nge kifuani, akakamata kipaza sauti chake kwa furaha. "Asante sana, mama! Haya, ndugu wananchi, tumeona. Huyu mama amekosea wapi?"

Mikono ikanyooka. Wallahi, watu nisiowahi kuwaona wakinyoosha mkono hata kwenye kikao cha maji, siku ile walinyoosha.

"Hana viatu!"

"Kamfunga kitambaa!"

"Kitunguu! Ananuka kitunguu!"

"Vizuri!" akasema mtaalamu. "Mpigieni makofi."

Nikawatukana. Nilitoa matusi ambayo marehemu mama yangu angenitia pilipili mdomoni. Na wao wakazidi kushangilia, wanaambiana leo huyu bibi kaiva. Mume wangu alikuwa mstari wa mbele, na soda yake, anawaambia wenzake kwa majivuno kwamba hata yeye hakujua kama mkewe anaigiza.

Mtani bado alikuwa chini. Na kwa kuwa alikuwa chini, uso wake ulikuwa karibu na uso wa mtoto kuliko mtu yeyote pale. Nikamwona anaacha kujinyonganyonga. Akamshika mtoto shavu. Akainuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hili si igizo. Mtoto anakufa kweli."

Watu wakacheka mpaka viti vikaanguka. Maskini mtani! Miaka yote kawachekesha, sasa wangemwaminije? Akaapa kwa Mungu, wakacheka. Akalia machozi ya kweli, yanamtiririka hadi kidevuni, mtu mmoja akasema huyu apelekwe Dar. Sijapata kumpenda mtani wangu kama nilivyompenda saa ile, wala sijapata kuwachukia watu wa kijiji changu kama saa ile. Nawapenda, lakini siku ile niliwachukia.

Aliyetuokoa ni mtoto mwenyewe. Mtaalamu alikuwa amesogea ili aonyeshe vizuri mahali pa jeraha, na mtoto akamtapikia fulana yote, juu ya nge aliyechorwa. Kicheko kikakatika. Igizo la kwetu halijafikia kutapika.

Nesi akaja mbio, akamshika mtoto mara moja tu, akasema Kibiti, hospitali, sasa hivi. Gari lililokuwepo ni la mgeni rasmi. Dereva akasema hawezi kuliondoa bila amri, na ilibidi kungoja mgeni rasmi amalize kuelewa. Alipoelewa, kusema kweli, hakusita. Alisema tu dereva asichelewe kurudi kwa sababu ana shughuli nyingine. Nyuma ya gari mlikuwa mmejaa maboksi ya vipeperushi vya nge. Tukavikalia, mimi, mume wangu, mtani na mtoto. Barabara ilikuwa tope tupu. Mtoto alikuwa anashtukashtuka mapajani kwangu, na mume wangu, bado ameshika chupa ya soda, anasoma dua huku meno yanagongana. Hakuna aliyetania.

Hospitali walimpokea vizuri. Daktari aliniuliza kaumwa wapi, nikamwambia kwenye maandalizi ya semina ya nge. Akaniangalia, akaandika. Wakamchoma sindano, wakamtundikia maji, tukaambiwa tungoje. Ilipoadhiniwa magharibi macho yake yakatulia. Akaniona. Akaomba uji, ule ule ulioungulia jikoni, nami nikalia kwa sauti kubwa mpaka watu wa wodi ya pili wakaja kunipa pole wakidhani nimefiwa.

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Ila tangu siku ile hakanyagi chini. Mguu hauna tatizo, daktari kauangalia mara kadhaa, hataki tu. Anashinda mgongoni kwangu, nikienda kisimani yupo, nikipepeta mpunga yupo. Ukijaribu kumtua anapiga ukelele ule ule.

Wiki chache baadaye yule mtaalamu alirudi, na fulana mpya. Nilidhani kaja kutoa pole. Alinipa pole, ndiyo, halafu akasema, "Bibi, kusema kweli siku ile ulivyoingia ilikuwa na ujumbe mkubwa. Watu wa kijiji cha Mkongo nao wana nge wengi. Tunaomba uje uigize vile vile, wewe na mtoto. Usafiri upo."

Matusi yalikuwa tayari, nimeyapanga mdomoni moja moja. Lakini kijana mwenyewe akachuchumaa, akatandaza mikono kwa mtoto, akatabasamu. "Njoo, mchumba. Shuka. Njoo nikuone unavyotembea."

Mjukuu wangu akanikaba shingo kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zote alizo nazo, hadi nikashindwa hata kumtukana.