Viatu vya Ilunga

Enzi zetu, pale Katuba, mtu hakuitwa msanii kwa sababu tu amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Msanii alijulikana kwenye lufu, yaani msibani, mbele ya watu wenye macho mekundu na njaa tumboni. Ukishindwa kuwachekesha pale, unarudi kwenu. Nayasema haya kwa sababu siku hizi redio za Lubumbashi hazina habari nyingine ila albamu mpya ya Jenerali Kapenta, mfalme wa rap ya Kusini. Kusini ni huku kwetu Katanga. Kinshasa wana wafalme wao. Mtangazaji, kijana ambaye nadhani hajawahi kujifulia hata soksi, anasema Jenerali "alilelewa na barabara". Barabara gani? Nimekula naye bukari, ugali wetu, sahani moja. Jina lake ni Kizito, mtoto wa Papa Mwepu, nyumba iliyopakana na yetu, na alilelewa kwa fimbo na mboga za majani kama sisi wote.

Nyinyi wa rika langu mnaukumbuka ule ukimya. Kabla yake kulikuwa na king'ora cha kampuni ya shaba, sirène, ambacho kiliamsha mji mzima, mwenye kazi na asiye na kazi. Mama aliweka maji ya chai kwa sirène, sisi tuliingia shuleni kwa sirène, na hata jogoo wetu, mimi naapa, alikuwa anaisubiri. Kisha kazi zikafa. Sirène ikanyamaza, na watu wazima wakaanza kuchelewa kuamka, wakitoka nje na kusimama mlangoni kama wageni kwenye nyumba zao wenyewe. Askari wakapora maduka ya mjini. Tulimwona jirani akipita na mlango wa friji, mlango peke yake, anautembeza kwa fahari. Majirani zetu wenye asili ya Kasai, pamoja na mwalimu wetu aliyetufundisha kusoma, walifukuzwa wakaenda kukaa stesheni na magodoro yao, wakingoja treni. Darasa letu lilibaki bila mwalimu, halafu bila madirisha, halafu bila madawati, maana madawati yaligeuzwa kuni.

Na sisi watoto, Mungu atusamehe, tulifurahi. Nani angetuita ndani? Wavulana walitengeneza magari ya waya, sisi wasichana tuliruka kamba mpaka vumbi jekundu likatufika kwenye nyusi. Tuliiba kikanda, ile mizizi iliyosagwa pamoja na karanga, mezani kwa mama wauzaji, na tukishikwa tulisema ni Kizito. Mara nyingi ilikuwa kweli ni Kizito. Watoto wangu leo wakikosa umeme saa moja wanalala chali kama wagonjwa. Sisi tulikosa kila kitu na jioni tuliitwa mara nne kabla ya kukubali kurudi nyumbani.

Baba yangu aliitwa Ilunga. Alifanya kazi kwenye tanuru la shaba, na kazi ilipokufa yeye hakukubali habari hiyo. Kila asubuhi alivaa viatu vyake vya kahawia, vikubwa kuliko miguu yake, alivyokuwa amevijaza magazeti sehemu ya vidole ili visimtoke, akaenda kusimama kwenye geti la kampuni. Alitembea akikokota kisigino, shwaa, shwaa, tukamsikia akirudi kabla hajafika kwenye kona. Alikuwa mchoyo wa sukari hata wakati sukari ilikuwepo. Alificha kopo juu ya kabati, akalishusha Jumapili, akatutilia kijiko kimoja na kukipangusa kwa kisu kiwe sawasawa. Nilimpenda sana.

Papa Mwepu, rafiki yake, yeye hakungoja geti lifunguliwe. Alichukua baiskeli, akaanza kuleta makala, yaani mkaa, kutoka porini, magunia yamepangwa mpaka yanamzidi urefu, na miguuni kandambili za tairi. Hizo zilikuwa siku za kazi. Siku za lufu alikuwa mtu mwingine kabisa. Watu wa kwao, wanaotoka upande wa Mitwaba, ni watani wa watu wetu tangu mababu, na nyinyi mnajua kazi ya mtani: marehemu wa kwetu akilala, mtani wa kwao anakuja kumcheka. Anavaa nguo zake, anaiga mwendo wake, anataja aibu zake moja moja, na mwisho anaondoka na kitu chake bila kuomba. Mwenye msiba hakasiriki. Mtoto wa marehemu yeye anakaa chini kwenye mkeka na kunyamaza. Kumcheka mzazi wako mwenyewe ni mwiko, hata uwe na ulimi wa namna gani. Na mtani haanzi bila kutaja jina. Kwanza jina la marehemu, mara mbili, kwa sauti, ndipo anaendelea.

Papa Mwepu alikuwa bingwa wa Katuba nzima. Wapiga karindula, ile banjo kubwa ya pipa la chuma na ngozi ya mbuzi, walikuwa wanamngoja afike ndipo wakaze nyuzi. Kizito alimfuata kila mahali na kopo la maziwa ya unga la kupigia mdundo. Miaka ile watu walikufa sana, kwa hiyo mazoezi hayakukosekana.

Halafu zamu ikawa yetu. Baba aliugua siku chache tu, homa, dawa hakuna, akaondoka. Papa Mwepu akaja uani, akasimama mbele ya watu, akasema, "Ilunga." Akasema tena, "Ilunga." Hapo sauti ikamkatikia. Bingwa mzima akafunika uso kwa kofia. Watu wakatazamana. Lufu bila utani ni aibu, ni kama marehemu hakuwa na watu. Mama yangu, ambaye alikuwa hajala wala kusema neno, aliinamisha kichwa zaidi.

Ndipo tukasikia shwaa, shwaa. Kizito, kimo cha ufagio, alikuwa ameingia ndani na kutoka na viatu vya baba miguuni, magazeti yakiwa bado ndani. Akapita katikati ya watu akikokota kisigino vilevile, akapiga kopo lake, akaanza.

"Ilunga, ee Ilunga! Amuka, sirène inalia! Hauamuke? Shefu atasema nini? Ulikuwa unatunyima sukari, leo tunamaliza kopo yote! Ilunga, biatu byako bikubwa, ulikuwa unangojea miguu ikomae? Lala, muzee. Leo njo unapumzika bila kuomba ruhusa!"

Wimbo ulikuwa mrefu zaidi ya hapo, na kila mstari ulianguka juu ya mdundo barabara, na pale baba yake alipokuwa anavuta pumzi ndipo na yeye alipovuta. Mama aliinua kichwa. Akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akacheka, kicheko kikamtoka pamoja na machozi, na ua wote ukacheka naye. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, nimenyamaza kama inavyotakiwa, na nakwambia, siku ile baba yangu alikuwepo kuliko siku nyingi alizokuwa hai. Kizito akaondoka na viatu. Vilikuwa haki yake.

Hapo ndipo rap ya Kusini ilipoanza, enyi watangazaji. Sikumwona Mmarekani yeyote uani kwetu.

Mengine mnayajua. Kaseti yake ya kwanza ilikuwa ya bukari, foleni za maji na walimu wasiolipwa, kwa Kiswahili chetu cha hapa, na ilipigwa kwa kila kinyozi mpaka utepe ukaanza kulia kama paka. Ya pili ilikuwa nusu Kifaransa. Baadaye akahamia Golf, mtaa wa matajiri, kwenye nyumba yenye ukuta na mbwa, na nyimbo zikaanza kuwa na bastola. Kizito huyu ninayemfahamu anaogopa kuku. Nilivumilia. Nilisema ni biashara, kila mtu na mkate wake.

Lakini albamu hii mpya ina wimbo unaoitwa "Biatu bya Papa". Mmeusikia, hakuna namna ya kuukwepa. Anaimba jinsi alivyomzika baba yake utotoni, baba mwenye viatu vya kahawia vyenye magazeti ndani, aliyengoja getini mpaka kifo. Kopo la sukari limo. Kisigino kimo. Watu wanalia kwenye mabasi. Na Papa Mwepu yuko hai! Yuko hapa Katuba, anapokea shikamoo zake zote, anakula vizuri. Mama mmoja wa kanisani alisikia wimbo, akamletea unga wa pole, akamkuta mwenyewe anamwagilia mboga. Unga aliuchukua. Akaja nao kwetu, akakaa karibu na mama yangu, akauliza, "Mama Ilunga, unasikia namna mutoto aliniua?" Mama akajibu tu, "Si weye alizika, Papa Mwepu. Ni wangu. Na hakutaja jina yake."

Basi mwezi uliopita Jenerali akaja mwenyewe, miwani usoni, na kijana wa kamera nyuma yake. Alitaka kupigia picha za wimbo uani kwetu. Kwa nini si kwao? Kwa sababu nyumba ya kwao aliijenga upya yeye mwenyewe, ina vigae, haifanani na ya yatima. Yetu, asante sana, bado inafanana. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, nikamwambia yote niliyowaambia nyinyi, na mengine ambayo siwezi kuyaandika.

Alinisikiliza, simkatai. Kisha akasema, "Bea, mutani anakamataka kintu ya marehemu. Weye unajua. Nilikamata biatu, na wimbo inatoka mu biatu. Na watu habapende wimbo ya papa mwenye angali muzima, anauzisha makala."

Lililoniudhi kuliko yote ni kwamba kwa sheria zetu alikuwa na nusu ya haki. Lakini Papa Mwepu alikuwa amesikia kutoka upande wa pili wa ukuta, akaingia polepole na fimbo yake.

"Biatu, ndiyo, balikupatia," akamwambia mwanawe. "Baba, habakukupatia. Na kama miye nilikufa, ikala chini, unyamaze. Mutoto haimbake ku lufu ya baba yake."

Jenerali Kapenta akavua miwani. Akakaa chini, kwenye udongo, na suruali yake nyeupe. Kijana wa kamera hakujua afanye nini, na Mama, kwa adabu zake, akamwita jikoni akampa bukari na tusamaki. Kisha Papa Mwepu akasema, na sauti yake haikuwa kali tena, "Sasa simama. Fanya kazi ya mutani. Muke ya Ilunga eko hapa, anangojea."

Kizito akasimama. Nilifikiri amesahau. Akatazama miguu yake, akaanza kukokota kisigino, shwaa, shwaa, akapiga kiganja kwenye paja, na jina likamtoka, mara mbili, kwa sauti. Ilunga, ee Ilunga. Amuka, sirène inalia. Maneno yote yalikuwepo, hakuruka hata moja. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mzee, hasikii vizuri sikio moja. Akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka. Nililia bila aibu. Kamera ilikuwa juu ya ndoo, imefungwa, mwenyewe analamba vidole.

Basi nilidhani mambo yamekwisha. Mimi na akili zangu! Kizito alimkumbatia Mama, aliniahidi kwamba atabadilisha wimbo ataje jina, akaenda. Picha za wimbo zimetoka wiki hii. Wamepigia kwingine, kuna mzee wa kukodi na viatu vipya vilivyopakwa vumbi, na wimbo ni uleule, bila jina.

Zamani mtani alisema jina kwanza, hata kama marehemu alikuwa mwizi, na waliolisikia walikuwa watu wa ua mmoja, wakaenda nalo nyumbani. Leo nchi nzima inamlilia baba yangu na hakuna anayemjua. Jana watoto wangu walikuwa wanauimba huku wanaosha vyombo, wanaujua wote, mpaka pumzi. Nikawauliza huyo anayeimbwa anaitwa nani. Wakasema, "Si Papa?"

Nikazima simu. Nikawaambia jina, nikawaeleza viatu, geti na sukari. Mdogo akasema, "Basi Mama, imba ile ya kweli." Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mimi ni mtoto wa Ilunga, siruhusiwi. Wimbo ule ni wa mtani mmoja tu, yule aliyeondoka na viatu, naye yuko Golf, ndani ya nyumba, amevaa miwani ya jua.